Betri mbili mpya, kosa lile lile: kisa cha boti ya matanga Ziwa Nyasa

Mimi ni fundi umeme wa magari, karakana yangu iko Mbeya mjini. Mara tatu au nne kwa mwaka nashuka Matema kuhudumia boti moja ya matanga. Kisa hiki kilitokea huko, na katika makosa yaliyomo, moja kubwa ni langu. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu na kwa manahodha wanaobaki peke yao na injini isiyowaka mahali pasipo na mtandao. Jina la boti, la kijiji walikotia nanga na la wahusika wote nimeyaacha nje. Nahodha amesomewa maandishi haya, na pale niliposahau mpangilio wa mambo alinirekebisha.

Boti na kazi yake

Ni boti ya faiba yenye mlingoti mmoja, urefu wake kama mita kumi. Ilitumika miaka kadhaa pwani, kwenye maji ya chumvi, kabla ya kupakiwa kwenye lori, kupandishwa nyanda za juu na kuteremshwa tena hadi Kyela. Sasa inabeba wageni na mizigo midogo, mara nyingine maboksi ya dawa, kwenda vijiji vilivyo chini ya Milima ya Livingstone. Kwa vingi vya vijiji hivyo, njia ya majini ndiyo ya haraka kuliko zote.

Ina injini ndogo ya dizeli ya silinda mbili. Safari ndefu huendeshwa kwa tanga, lakini kuingia na kutoka mahali pa kutia nanga ni kazi ya injini. Kwa nini injini ni ya lazima, msomaji asiyelijua ziwa hili anahitaji kuelezwa. Upande wa mashariki milima inashuka moja kwa moja hadi majini. Ziwa Nyasa lina kina kinachofika kama mita 700, na sehemu nyingi za pwani hiyo ukisogea kidogo tu kutoka ufukweni nanga haifiki chini. Mahali pa kutia nanga ni vijibaraza vyembamba vya mchanga, miamba ikiwa karibu. Halafu kuna mwera. Kuanzia kama mwezi wa tano hadi wa nane upepo huu wa kusini-mashariki hupiga kwa siku kadhaa mfululizo. Mawimbi yaliyosafiri ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 500 yanakuja kuishia kaskazini, na kaskazini ndiko Matema iliko.

Umeme wa boti ni wa volti 12. Betri ya kwanza ni ya kuwashia injini. Ya pili ni ya taa, redio na pampu ya ngama (yale maji yanayojikusanya chini ya sakafu ya boti), na ndiyo pekee inayochajiwa na paneli ya sola iliyoko juu ya kibanda. Swichi kubwa ya kuzungusha inachagua betri ya kwanza, ya pili, au zote kwa pamoja. Upande wa hasi, betri zote mbili zimeunganishwa daima. Kutoka kwenye taminali ya hasi ya betri ya kwanza, yaani kile kichwa cha risasi ambako waya hufungwa, unatoka waya mmoja mnene hadi kwenye injini, ule ambao mafundi wa magari tunauita waya wa bodi. Naomba msomaji aukumbuke waya huo. Taa na vifaa vidogo vina waya wao wa hasi, wenye kichwa chake, uliofungwa kwenye taminali hiyo hiyo.

Machi hadi Mei

Mwezi wa tatu injini iligoma kuwaka ikiwa Matema. Ufunguo ukizungushwa, stata, mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, inalia ka-ka-ka na haizunguki. Nahodha aliihukumu betri, kwa kuwa ilikuwa na miaka minne. Kijana wake alipanda Mbeya, akanunua mpya kwa laki tatu na ushee, akaacha ya zamani dukani ipimwe kwa kilo na kupunguziwa bei. Walipoifunga, injini iliwaka kwa mguso mmoja. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mimi nisingeuliza.

Wiki saba baadaye ilianza tena: ka-ka-ka. Safari hii nahodha alinipigia simu. Ni mtu mzima, ana umri wa baba yangu, na kwenye simu haanzi na tatizo. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, ndipo akasema, "Fundi, betri mpya nayo imekufa."

Nikamwomba aipime kwa mita ndogo ya umeme niliyomwachia. Volti 12.5.

"Mzee, hiyo haijafa," nikasema. "Hebu washa injini kwa namna yoyote, upime alteneta."

Baada ya kuhangaika na ufunguo mara nyingi, stata ilizunguka na injini ikawaka. Alipima nyuma ya alteneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiwa inawaka, na kupata volti 14.3, ambayo ni chaji nzuri kabisa. Kisha akaniambia maneno mawili ambayo leo nikiyakumbuka naumia. La kwanza: "Hata nikiweka swichi kwenye betri zote mbili, ni yale yale." La pili: "Na ajabu, taa za ndani hazififii ninapopiga stata."

Nilikuwa na gari la mteja wazi mbele yangu. Nikamjibu kwamba betri moja mbovu inaweza kuivuta nyingine chini, na kwamba betri inaweza kuonyesha volti 12.5 ikiwa imelala lakini ikakosa nguvu ikipewa kazi. Yote mawili ni kweli, ila hayakuwa jibu la alichoniambia. Nikamshauri airudishe dukani kwa dhamana. Mwenye duka, kwa uungwana, alimbadilishia bila kelele. Betri mpya ya pili ikafungwa, injini ikawaka kwa mguso mmoja, nami nikajipongeza.

Usiku wa mwera

Mwishoni mwa mwezi wa sita boti ilikuwa na watu wanne: nahodha, kijana wake, na abiria wawili waliokuwa warudi Matema asubuhi. Walitia nanga jioni kwenye kihori, yaani ghuba ndogo, chini ya milima, ziwa likiwa limetulia. Mnamo saa saba usiku mwera ulianza. Ulipofika saa nane mawimbi yalikuwa yanaingia kihorini moja kwa moja na nanga ilikuwa inakokota taratibu. Kwa makadirio ya nahodha, miamba ilibaki kama mita hamsini nyuma ya tezi, sehemu ya nyuma ya boti.

Alizungusha ufunguo. Ka-ka-ka. Akahamisha swichi kwenye betri zote mbili, ikawa vile vile. Kijana akatoa nyaya za kushtulia akaunganisha betri ya pili na ya kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hakukuwa na badiliko. Taa ya kibandani, kwa mujibu wa wote wawili, iliwaka ng'aa muda wote huo.

Hapa nahodha alifanya uamuzi ninaouheshimu kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Alijiwekea mwisho. Baada ya jaribio la nne aliufunga mfuniko wa chumba cha injini na kusema injini haipo tena, sasa ni tanga. Sababu zake alinieleza baadaye hivi: kila jaribio lilikula dakika, watu wawili wakiwa wameinamisha vichwa chini ya sakafu huku boti ikisogea. Kama angesubiri hadi miamba ifike mita ishirini, hata tanga lisingemsaidia.

Nanga nayo hakuivuta. Kuivuta kwa mikono katika mawimbi yale kungechukua muda, na pale inapong'oka boti inaweza kugeukia upande usiotakiwa, ielekee nchi kavu. Kwa hiyo walifunga kamba ya pili kutoka ubavuni karibu na tezi hadi kwenye kamba ya nanga. Walipoikaza na kulegeza ile ya mbele, omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, iligeuka kuelekea ziwani. Wakapandisha tanga kuu likiwa limepunguzwa mara mbili. Lilipojaa upepo, wakaziachia kamba zote mbili majini, mwisho wa kamba ya nanga ukiwa umefungiwa dumu tupu la lita ishirini. Boti ilitoka kihorini ikiwa imelala ubavu. Nanga yenyewe walirudishiwa na wavuvi wa mitumbwi siku tano baadaye.

Walikimbia na upepo kuelekea kaskazini, lakini ufukwe wa Matema wenye mawimbi yanayovunjika hawakuusogelea gizani. Walikaa nje wakienda na kurudi hadi kulipopambazuka. Asubuhi walijibana kwenye kona ya mashariki, mahali milima inapokinga upepo kidogo, wakatupa nanga ya akiba. Abiria walitolewa kwa mtumbwi. Hakuna aliyeumia.

Simu ya asubuhi

Saa moja kasoro alinipigia. Alinieleza usiku wao wote kwa sauti ya chini, bila lawama, na alipofika kwenye taa isiyofifia nilimkatiza.

"Baba, rudia hapo kwenye taa."

Akarudia. Safari hii nilisikia. Betri iliyochoka ikipigwa stata, taa zinazokula betri hiyo hiyo hufifia hadi kuwa nyekundu, kwa sababu volti ya betri nzima imeanguka. Swichi ilikuwa imeziunganisha betri zote mbili, na taa haikutikisika. Maana yake betri zilikuwa na nguvu, ila nguvu hiyo haikufika kwenye stata. Na kama kuunganisha betri mbili hakukubadilisha kitu, kizuizi kilikuwa mbele ya betri zote, kwenye njia wanayochangia.

Nikamwomba achukue waya mmoja wa kushtulia, ule mweusi. Mdomo mmoja aubane kwenye taminali ya hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe. Mwingine aubane kwenye chuma kisafi cha injini, boliti isiyo na rangi wala grisi, mbali na mikanda. Kisha apige stata.

Nilisikia injini ikiwaka kupitia simu.

Waya ule ulikuwa mikononi mwao saa nane usiku. Waliuunganisha betri kwa betri, kama tunavyofanya sote barabarani, kwa sababu hivyo ndivyo mimi na mafundi wengine tulivyowafundisha. Ungebanwa betri kwa injini, wangetoka kihorini kwa dakika moja.

Vipimo

Niliteremka siku iliyofuata: Uyole, Tukuyu, Kyela, Ipinda hadi Matema. Niliondoka Mbeya na koti kwa baridi ya mwezi wa sita, nikafika ziwani nikiwa nimelikunja begani. Sikutaka kubadilisha waya kabla ya kuona namba. Ukibadilisha kwanza, hutajua kama ulitibu au ulitikisa tu.

Kabla ya kipimo chochote, nahodha alivuta kishikio cha kuzimia injini ili dizeli isiingie, nami nikafunga koki ya maji ya ziwa. Hili la koki wengi hawalijui. Injini ya boti inavuta maji ya nje kujipooza na kuyatoa kupitia ekzosi. Ukipiga stata muda mrefu bila injini kuwaka, pampu inaendelea kujaza maji kwenye chungu cha ekzosi, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yakijaa, yanarudi ndani ya silinda. Nimeona injini nzima ikifa hivyo kwa sababu ya kipimo cha umeme.

Kijana alipiga stata sekunde tatu tatu, mimi nikisoma. Kwenye taminali za betri, volti 12.1. Kwenye stata yenyewe, 6.5. Zaidi ya volti tano zilikuwa zimepotea njiani. Nikapima upande wa chanya, kutoka betri hadi stata kupitia swichi kubwa: 0.2. Kisha nikaweka ncha moja kwenye risasi ya hasi ya betri na nyingine kwenye boliti ya injini. Waya mzima unapaswa kuonyesha karibu sifuri. Mita ikaandika 5.4.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeupima waya huo huo kwa alama ya kengele, ile ambayo mita inalia ikiwa njia ipo. Ililia vizuri. Ukinzani wa waya huo, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, nilikuja kuukadiria kuwa kama sehemu moja ya ishirini ya omu, na nyaya za mita yenyewe zina ukinzani zaidi ya huo. Kengele inakuambia njia ipo. Haikuambii kama ni barabara ya lami au kichochoro. Kwa taa ya ampea moja (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita), sehemu moja ya ishirini ya omu inapoteza volti 0.05, jicho haliwezi kuona. Kwa stata inayotaka ampea mia, inapoteza volti tano.

Tukawasha injini kwa waya wa kushtulia, tukauondoa, nikapima chaji. Kwenye alteneta 14.3, ile ile ya mwezi wa tano. Kwenye taminali za betri, 13.4. Alteneta inarudisha umeme wake kupitia bodi ya injini na waya huo huo wa hasi. Kwa hiyo kosa moja lilikuwa linazuia nguvu kutoka na linazuia chaji kuingia. Mwezi wa tano nilimwomba nahodha apime mahali chaji inapotengenezwa badala ya mahali inapopokelewa.

Kitu kingine kilinitisha zaidi. Waya mwembamba wa hasi wa dashibodi ya injini, ambao mtu fulani huko nyuma aliuunganisha pia na hasi ya taa, ganda lake lilikuwa limelainika na kung'aa kama limeoshwa kwa maji ya moto. Umeme wa stata ukikosa barabara kuu hutafuta vichochoro. Sehemu yake ilikuwa inapita kwenye waya uliotengenezwa kwa ampea chache, chini ya sakafu, jirani na bomba la dizeli. Kila lile ka-ka-ka lilikuwa linaupasha moto.

Ndani ya lagi

Lagi ni kile kichwa kinachobanwa mwishoni mwa waya ili kipokee boliti. Ya upande wa betri ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi, na kwa nje ilipendeza. Nilipoukata utepe niliona haikuwa imebanwa kwa mashine bali kwa nyundo, na ndani nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi zikiwa na unga wa kijani. Nyuzi chache tu zilikuwa zinagusa kweli. Nikachuna ganda la waya kuelekea injini nikitafuta shaba inayong'aa. Weusi uliendelea sentimita arobaini.

Chumvi ya miaka ya pwani iliingia kupitia mdomo wa lagi, ikanyonywa ndani ya nyuzi kama mafuta kwenye utambi. Mvuke wa tindikali ya betri ukaongezea, na unyevu wa ngama ulio chini kidogo ya sanduku la betri haukukauka hata siku moja. Shaba hii haikupakwa bati. Nyaya za boti zinazotengenezwa kwa kazi hiyo hupakwa bati kila uzi, na sababu ndiyo hii. Ziwa halina chumvi, lakini boti ilikuja na chumvi yake tumboni.

Fumbo la betri mpya likafumbuka hapo hapo. Kila walipobadilisha betri, waliushika waya, wakaukunja, wakaikwangua taminali kwa msasa, wakaikaza upya. Nyuzi zikasuguana, zikapata mgusano mpya, injini ikawaka. Baada ya wiki tano au saba za mtetemo na unyevu, mgusano ukafa tena. Kilichotibu ni ule mkunjo, na sifa ikaenda kwa betri.

Ukarabati

Nilikuwa nimekuja na waya wa mashine ya kuchomelea wa milimita za mraba 50 kutoka soko la Mwanjelwa mjini Mbeya, nyuzi nyingi nyembamba, laini kukunja. Wa zamani ulikuwa wa 25. Waya uliopakwa bati sikuupata Mbeya, na boti isingeweza kukaa mwezi mzima ikisubiri. Nikaamua kuukubali huu kwa sharti kwamba midomo yake izibwe kabisa: lagi zilibanwa kwa mashine ya haidroliki ya fundi mwenzangu kabla sijaondoka, kisha kila moja ikavishwa mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kuchomea lagi kwa risasi ya kuyeyushwa sikutaka. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya kuwa mkavu kama kijiti pale unapoishia, na mtetemo wa injini ya silinda mbili hukivunja kijiti hicho.

Waya mwembamba uliopikika tuliutoa wote, tukaweka mpya wenye fyuzi, na dashibodi ikarudishiwa hasi yake ya injini peke yake. Boliti ya bodi niliikwangua hadi chuma cheupe, nikaikaza, ndipo nikapaka grisi juu. Grisi inakuja baada ya kukaza. Sanduku la betri tulilipandisha sentimita kumi na tano.

Nilipomaliza tulirudia vipimo vile vile. Betri wakati wa stata: 11.3. Stata: 10.7. Hasi: 0.2. Chanya: 0.4. Chaji kwenye taminali za betri: 14.1.

Kijana aliiona 11.3 akashtuka. "Kaka, mbona imeshuka? Jana ilikuwa 12.1." Swali lilikuwa zuri sana. Jana betri ilibaki juu kwa sababu haikuruhusiwa kufanya kazi. Leo stata inapata ampea zake zote, na betri inayotoa jasho lazima ishuke kidogo. Kinachotakiwa ni isianguke chini ya kama volti 9.6. Betri inayobaki juu huku stata haizunguki inakutangazia kwamba kosa liko kwingine.

Uchambuzi

Kilichowaokoa watu wale hakikuwa cha umeme. Nahodha alikuwa na njia ya pili, alijua ifikapo wapi ataiacha ya kwanza, na alikuwa ameshawahi kuizoeza na kijana wake mchana wa utulivu. Mimi na mita yangu hatukuwa na mchango wowote usiku ule.

Kwa upande wa ufundi, taarifa zote zilizohitajika zilikuwepo tangu mwezi wa tano: taa isiyofifia, swichi isiyoleta tofauti, betri mpya yenye dalili za ile ya zamani. Nahodha alizitoa kwa usahihi. Nilizisikia kwa masikio ya fundi wa magari, ambaye kwa uzoefu wake ka-ka-ka ni betri mara tisa kati ya kumi. Siku hizi mtu akinipigia kuhusu injini isiyowaka, swali la kwanza ninalouliza ni taa zinafanya nini, kabla hata ya volti.

Mita yenyewe haikudanganya hata mara moja. Volti 12.5 ilikuwa kweli, 14.3 ilikuwa kweli, kengele ya waya ilikuwa kweli. Zote zilipimwa wakati umeme mwingi haupiti, au mahali pasipo na kosa. Kosa la mgusano hujificha mpaka ampea zianze kukimbia. Kuna kipimo kimoja ambacho kingelionyesha: mzigo ukiwa umewashwa, ncha moja mwanzo wa waya na nyingine mwisho wake.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitegemea. Betri mpya ya kwanza, ile ya mwezi wa tatu, ilirudishwa dukani kama mbovu, na haikuwa mbovu. Nilikwenda kwa mwenye duka nikamweleza. Alikuwa ameichaji, ameipima na kushangaa, kisha akaiweka pembeni kama hasara. Tulimlipa nusu, ndivyo alivyokubali mwenyewe. Ile ya zamani, ya miaka minne, ilishapimwa kwa kilo. Hatutajua kamwe ilikuwa na nguvu kiasi gani.

Kwenye boti tumebandika karatasi ndani ya mfuniko wa injini yenye mchoro mmoja tu: betri, injini, na waya mweusi wa kushtulia ukitoka risasi ya hasi kwenda kwenye boliti niliyoipaka rangi nyekundu kuizunguka, kichwa chake nikakiacha wazi. Kijana ameujaribu gizani, kwa tochi ya mdomoni. Kila mwezi nahodha anaandika daftarini volti za betri wakati wa stata, na chaji kwenye taminali.

Sijaridhika na ile 0.4 ya upande wa chanya. Waya huo ni wa umri ule ule, ulitoka pwani ile ile, na lagi zake zimezungushiwa utepe mweusi wa aina ile ile. Mwingine wa milimita za mraba 50 nimeshaukata, nimeubana lagi pande zote mbili, unaning'inia ukutani karakana ukisubiri safari yangu ijayo ya Matema.